Mzigo na Chombo: Wingi wa Watu, Maji na Ardhi ya Mombasa

(Maneno ya hotuba iliyotolewa Kizingo, Mombasa, katika kikao cha wanaharakati na waumini)



Tumeombwa kuzungumzia ongezeko la watu na athari zake kwa mazingira. Aghalabu mada hii huletwa mbele yetu na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mtaalamu ajaye na michoro yake, mstari umepanda mpaka juu ya karatasi, akatutia hofu kisha akapanda ndege akaenda zake. Wa pili ni mwanasiasa ambaye, akiulizwa kwa nini mfereji umekauka, hujibu kwamba watu wamezidi. Yule wa kwanza hutuhesabu kama nzige. Huyu wa pili hutuhesabu siku ya kura, na baada ya siku hiyo husahau idadi. Sisi tuliosomea sheria tumezoea kuuliza maswali ya namna nyingine. Mzigo huu una uzito gani? Chombo kilichopewa kazi ya kuubeba ni kipi? Na ni nani aliyekabidhiwa usukani?

Maneno haya ya mzigo na chombo hayakuanzia kwetu leo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka katika maji ya bandari yetu, na watu 272 wakafa. Ni kweli kwamba chombo kilipakia abiria kupita kiasi. Walakini abiria wale walikuwa wafanyakazi wanaovuka asubuhi kwenda kutafuta riziki, na hapakuwa na njia nyingine ya kuvukia. Aliyesema kwamba watu walikuwa wengi mno alisema kweli, ila alikuwa amesema nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyotuleta hapa.

Tuitazame hesabu kwanza. Sensa ya 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ilikuta Mombasa watu 179,575. Mwaka 1979 walikuwa 341,148. Mwaka 1989, wakati Kenya ingali chini ya chama kimoja kwa amri ya sheria, walikuwa 461,753. Miaka kumi baadaye wakafika 665,018, kisha 939,370 katika sensa ya 2009, na sensa ya 2019 ikahesabu watu 1,208,333. Katika muda huo huo nchi nzima ilitoka watu milioni 8.6 ikafika milioni 47.6. Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote kwa eneo, na mwaka 2019 kila kilomita yake ya mraba ilikuwa na watu wapatao 5,500.

Wako wenzetu katika harakati za mageuzi wanaodai kwamba habari hizi za wingi wa watu ni hadithi ya wafadhili, ya kutufumba macho tusiwaone wezi. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Idadi ina nguvu yake, na ardhi yenyewe huithibitisha. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, jiwe lenye vitundu kama sifongo. Wazee wa Mji wa Kale walilijua vyema. Walichimba visima vyao humo, katika nyua za nyumba na za misikiti, wakapata maji matamu, kwa kuwa maji ya mvua yanayopenya jiweni ni mepesi kuliko maji ya bahari, na kwa hiyo hukaa juu yake. Ukiyavuta kwa kiasi, mvua huyarudisha. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima hakifai tena kwa kunywa. Sasa kumbukeni kwamba makaro na vyoo vya shimo vimechimbwa katika mwamba ule ule. Nyumba zilipokuwa chache, maji machafu yalisafiri mbali kabla ya kukutana na maji ya kunywa. Nyumba zikisongamana, choo cha huyu na kisima cha yule hugawana vitundu. Hapo hakuna njama ya mtu, ni maumbile. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliponyesha, kipindupindu kilienea katika sehemu nyingi za nchi, Pwani ikiwemo, na wakazi wa mitaa iliyobanana waliiona athari ya jambo hili kwa macho yao.

Kwa hiyo mzigo upo, na ni mzito. Tugeukie chombo.

Maji mengi yanayosifiwa kuwa ya Mombasa hayatoki Mombasa. Bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, lina urefu wa kilomita zipatazo 220. Maji yake ni mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkeno, ikasafiri chini ya ardhi, ikaibuka katika chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Huko hukingwa na kuletwa huku, yakipita katika nchi ya Taita-Taveta, ambako wenyeji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba bomba linapita mlangoni pao na wao wana kiu. Bomba hilo lilikusudiwa kutoa mita za ujazo 35,000 kwa siku. Tufanye hesabu ya mtoto wa shule. Kama maji yote ya Mzima yangegawiwa watu waliohesabiwa Mombasa mwaka 1962, kila mmoja angepata lita 195 kwa siku. Yakigawiwa waliohesabiwa mwaka 2019, kila mmoja atapata lita 29, yaani mtungi mmoja na nusu, wa kunywa, kupikia, kuoga, kufulia na kumwaga chooni.

Mtu mwenye haraka atasema: mnaona, ni wingi wa watu! Sisi tunasema asome tarehe. Lilikuwa bomba la mwaka 1957. Gavana wa kikoloni alijenga bomba lililotosha mji aliouona. Waliomfuata waliongeza vyanzo vingine, ukiwemo mradi wa Baricho kwenye mto Sabaki na visima vya Tiwi, na hatuwanyimi sifa yao. Lakini bomba la pili la Mzima limeahidiwa na serikali zaidi ya moja, na kila uchaguzi ahadi hiyo hupigwa pasi na kuvaliwa upya. Bwawa la Mwache huko Kwale, lililopangwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, lilianza kuzungumzwa zamani, na kazi yake imekwenda kwa kusuasua. Kila miaka kumi sensa iliwaambia wakubwa idadi ya watu waliokuwa njiani kuja. Hawakushtukizwa. Mtoto huchukua miezi tisa kuzaliwa na miaka mingi kabla ya kutafuta nyumba yake mwenyewe. Hakuna mgeni anayepiga hodi kwa muda mrefu kama huyo.

Na uhaba huo haumkuti kila mtu kwa sawa. Mji huu kwa miaka mingi haujapata hata nusu ya maji unayohitaji, na bado zipo bustani zilizo kijani mwaka mzima, nyingine si mbali na ukumbi huu. Mwenye nyumba yenye tangi kubwa na pampu hungoja siku ya zamu ya maji bila wasiwasi. Mama wa Bangladesh au wa Moroto hununua maji ya mkokoteni kwa mtungi, na akipiga hesabu ataona kwamba kila lita humgharimu zaidi ya anavyolipa mwenye bomba la kampuni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunaposikia kwamba sisi sote tunayamaliza maji, tuulize neno "sote" linamhesabu nani.

Hapa Kizingo tunapo pia kituo cha kusafisha maji taka, kilichojengwa kuhudumia kisiwa, kama kile cha Kipevu kinachohudumia bara ya magharibi. Kituo cha Kizingo kwa miaka mingi hakikufanya kazi iliyokusudiwa, na maji taka ya kisiwa yaliingia baharini kama yalivyo. Hata hivyo ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa Mombasa iliyounganishwa na mabomba hayo. Waliobaki wote hutegemea makaro na mashimo. Mwaka 2019 ufuo wa Mama Ngina ulitengenezwa upya kwa fedha nyingi za umma, na siku za Jumapili watu wetu hujaa pale chini ya mibuyu, wakinunua mihogo ya kukaanga na madafu, wakitazama meli zikiingia. Tunaipenda bustani hiyo na hatutaki kuisema vibaya. Ila tunaona ni ajabu kidogo kwamba serikali inaona upesi kitu kinachotazamika kutoka juu, na hukawia kuona bomba lililo chini ya ardhi.

Sasa tuulize: watu hawa wametoka wapi? Wengi hawakuzaliwa hapa. Mji hukua kwa uzazi na hukua kwa wahamiaji, na Mombasa, kwa sababu ya bandari na hoteli, siku zote imevuta watu wa bara na wa pwani yenyewe. Aliyetoka Ganze kwa ukame, na aliyetoka Ukambani au Nyanza kwa sababu shamba la babu limegawanywa mpaka limekuwa kitanda, wote wamekuja kwa sababu zinazoeleweka. Wakifika hukuta mji ambao ardhi yake ina historia ya ajabu kuliko miji mingi ya Kenya.

Naomba mtustahimili hapa, maana hili ni jambo la sheria na ndilo lenye kisa chenyewe. Mwaka 1908 wakoloni walitunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa maili kumi wa Pwani. Kila aliyejidai mwenye ardhi alitakiwa afike, athibitishe, aandikishwe. Ardhi isiyodaiwa kwa utaratibu huo ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wengi, hasa jamii za Wamijikenda waliomiliki kwa pamoja na bila karatasi, hawakudai, ama kwa kutojua, ama kwa kuwa sheria haikuutambua umiliki wa namna yao. Baada ya 1963 ardhi ile ya Mfalme ikawa ya Serikali, nayo Serikali ikaanza kuigawa, na hatuna haja ya kuwaeleza ninyi iligawiwa nani. Ndiyo maana hata leo neno "skwota" hapa Pwani huitwa mtu ambaye kaburi la babu yake liko pale pale anapoambiwa ahame.

Kutokana na historia hiyo ulizaliwa mtindo wetu wa Mombasa wa nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake, udongo si wake. Majengo, Likoni, Kisauni, mitaa mingi ilijengwa hivyo. Mtindo huu uliwapa maelfu ya maskini mahali pa kulala, na tunausifu kwa hilo. Lakini fikirini, ndugu zetu, kuhusu mazingira. Ni nani atakayechimba shimo la kisasa la maji taka, alijengee kwa zege na kulipa fedha nyingi, chini ya udongo ambao mwenyewe anaweza kumwondosha? Ni benki gani itakayomkopesha? Kampuni gani ya maji itapitisha bomba kubwa mahali ambapo hapana njia iliyoandikwa katika ramani? Msongamano unaolaumiwa kuwa ni tabia ya maskini mara nyingi ni umbo la hati waliyonyimwa. Mwaka 2016 Serikali ilipotoa hati kwa wakazi wa shamba la ekari 930 huko Likoni, mgogoro wa miaka mingi ulifika mahali pa kuzungumzika. Hapo tu ndipo mtu anapoweza kupanga njia, choo na mti.

Upande wa pili wa ramani ndiko tunakotaka mtazame kwa makini zaidi. Wapangaji wa miji, hata wale wa kikoloni, walitenga viwanja vya umma: vya shule, vya soko, vya makaburi, vya vyoo, vya mitaro, vya kupumzikia. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za aina hiyo, pamoja na misitu, zilivyogawiwa watu binafsi nchi nzima, sana sana karibu na nyakati za uchaguzi wa vyama vingi, wakati shukrani za kisiasa zilipohitaji kulipwa. Tafakarini maana yake. Katika miaka ile ile ambayo mzigo ulikuwa unaongezeka, mbao za chombo zilikuwa zinang'olewa na kuuzwa. Kiwanja cha mtaro kikishajengwa gorofa, mvua haina pa kupita. Kisha mafuriko yakija, mkubwa husimama mbele ya kamera akasema watu wamejenga ovyo.

Wangari Maathai alilifahamu jambo hili mapema kuliko wengi wetu. Mwaka 1989 alipopinga jengo la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru, na mwaka 1999 alipopigwa katika msitu wa Karura, alikuwa akipanda miti na kudai demokrasia kwa mkono mmoja. Waliomcheka kwamba anachanganya mambo walikuja kumpongezea Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Tuje baharini. Mikoko ya hori za Tudor, Mwache na Port Reitz imekatwa kwa kuni, kwa boriti na kwa mkaa, na wakataji ni majirani zetu. Hatuwafichi. Walakini Aprili 2005 meli moja ya mafuta ilimwaga mafuta katika Port Reitz, na mikoko ambayo wanakijiji wangehitaji miaka kuikata ikadhurika kwa ajali moja. Barabara ya tuta ya Makupa ilizuia kwa miongo maji ya hori mbili yasikutane, na hapo kando, Kibarani, taka za mji zikarundikwa ukingoni mwa bahari mpaka jaa lilipofungwa mwaka 2018. Mwaka 2022 tuta likafunguliwa kwa daraja, na maji yakapita. Watu wa Mombasa hawakuwa wamepungua hata mmoja. Vivyo hivyo mifuko ya plastiki: ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mitaro ilipata nafuu, na idadi yetu ilikuwa inaendelea kupanda siku ile ile. Na mwaka 1998, matumbawe ya pwani yetu yalipopauka na sehemu yake kubwa kufa, hayakuuawa na mvuvi wa Mji wa Kale. Yaliuawa na joto la bahari, ambalo El Niño na moshi wa mataifa ya viwanda vimelipandisha. Mkenya mmoja huchangia moshi huo kwa sehemu ndogo sana ya ule wa Mmarekani mmoja.

Lakini kisa kinachotuumiza zaidi kiko kilomita chache kutoka hapa. Owino Uhuru ni kijiji cha Mikindani chenye watu wapatao 3,000, wamebanana katika vibanda, na mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ubavuni mwao. Risasi iliingia katika udongo, katika maji na katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza wakazi wakaandamana, wakakamatwa, wakarudi tena. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizitia hatiani hata taasisi za Serikali zilizotakiwa kuwalinda. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023; Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu kiwanda kufungwa, na wengine waliodai hawakuwa hai tena.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu kinakata fundo la mada yetu. Kwa nini kiwanda kile hakikufunguliwa Kizingo? Ardhi ya hapa ni ghali, mtasema. Ndiyo, na wakazi wa hapa wana mawakili. Kule Mikindani watu walikuwa wengi katika eneo dogo, wasio na hati, na kwa mtoa leseni wingi wao ulihesabiwa kama si kitu. Watu wengi wasio na sauti huonekana kama pahali patupu.

Hatuwezi kumaliza bila kugusa uzazi, na tunajua tuko mbele ya waumini, hivyo tutasema kwa adabu lakini bila kuzunguka. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, mbele ya nchi nyingine zote za Afrika kusini mwa Sahara. Miaka kumi baadaye mwanamke wa Kenya alikuwa bado anazaa wastani wa watoto wanane. Mpango ulikuwepo katika makaratasi. Hospitali ilikuwa mbali, binti alikuwa hakusoma, na watoto walikufa hata mama akaogopa kuzaa wachache. Uchunguzi wa mwaka 1989 ukaonyesha watoto 6.7, wa 1998 ukaonyesha 4.7, na wa 2022 ukaonyesha 3.4. Hakuna askari aliyetumwa mlangoni. Wasichana walikwenda shule, chanjo zikaokoa watoto, karo ikapanda, mashamba yakawa madogo, na mume na mke wakakaa wakashauriana. Katika uchunguzi huo wa 2022, Nairobi ilikuwa na wastani wa watoto 2.5 na Mandera 7.7. Nani asiyejua tofauti ya Nairobi na Mandera katika shule, barabara na zahanati?

Njia ya mabavu imejaribiwa kwingine. India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, mamilioni ya wanaume walifungwa uzazi, wengi wao kwa kulazimishwa au kutishwa, na waliokamatwa kwanza walikuwa maskini. Hati iliyotolewa na mataifa 179 yaliyokutana Cairo mwaka 1994 iliweka mbele afya na elimu na hiari ya mwanamke, badala ya shabaha za idadi. Makanisa na misikiti yalikuwa na hoja zake juu ya sehemu za hati ile, na yangali nazo; hatukuja kuamua hoja hizo. Tunachosema ni kwamba katika hospitali na zahanati za makanisa, na shule za wasichana ambazo makanisa yalizijenga tangu zamani, imefanyika kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Na hata uzazi ukishuka leo, idadi itaendelea kupanda kwa miaka mingi, maana wasichana waliokwisha kuzaliwa ni wengi na watakuwa mama kwa zamu yao. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia tungoje watu wapungue ndipo mabomba yajengwe.

Sasa mambo ya kutenda. Tangu 2010 Katiba yetu imempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, katika Kifungu cha 42, na haki ya maji safi ya kutosha, katika Kifungu cha 43. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira, wala hahitaji kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Sisi wa sheria tunajua ni kitu kikubwa namna gani: katika miaka ya nyuma kesi nyingi, mojawapo ikiwa ile ya Bustani ya Uhuru, zilitupwa kwa swali la "wewe inakuhusu nini?" Swali hilo limekwisha. Kifungu cha 35, pamoja na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, vinakupa haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa Serikali: ramani ya mtaa, orodha ya viwanja vya umma, leseni ya kiwanda, ripoti ya tathmini ya mazingira. Nayo kaunti ina wajibu wa kutayarisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano na kuusikiliza umma kabla ya kuupitisha. Vikao hivyo hutangazwa kwa matangazo madogo magazetini, na aghalabu huhudhuriwa na watu waliolipiwa nauli ili wakubali.

Tunaomba basi kila kikundi na kila parokia ifanye kazi moja kabla ya kikao kijacho. Chagueni mtaa wenu. Andikeni mifereji ya umma iko mingapi, mingapi hutoa maji, siku gani, na mtungi huuzwa bei gani. Andikeni viwanja ambavyo wazee wanakumbuka vilikuwa vya shule, soko, choo au mtaro, na kilichojengwa juu yake sasa. Wazee waulizwe mapema, maana wanatutoka. Ulizeni maji taka yenu huishia wapi, na kama hakuna ajuaye, liandikeni jibu hilo pia. Kila jibu liwe na tarehe na jina la aliyeuliza. Sisi mawakili tutakaokuwa katika kamati tutazitayarisha barua za maombi ya nyaraka bila malipo, na mkipewa jibu la "njoo kesho", tuleteeni muhuri wa siku mlipoambiwa hivyo, kwa kuwa siku za kujibu zinahesabika kisheria na tutazihesabu.